Waaustralia wanawapokeaje Wamarekani kwenye magrupu yao ya mimea ya asili?

MamaMarangu_SD ameandika:

Wadau habari zenu, naombeni mawazo hasa nyie mlioko Australia au mliowahi kuishi huko. Mimi ni mtu wa Marangu ila nipo San Diego, California, miaka mingi sasa na uraia nimeshachukua, kwa hiyo kwenye mitandao ya bustani watu wananihesabu Mmarekani na sina shida na hilo. Ugonjwa wangu ni mimea ya Australia. Nina banksia (zile za maua marefu kama brashi), nina grevilea za rangi rangi, nina anigozanthos nyekundu, ua la umbo la mguu wa kangaruu, mbele ya nyumba, yaani majirani wanasimama wanapiga picha. Mapenzi yenyewe yalianza nyumbani, si mnajua kahawa yetu kule mlimani imekaa chini ya migrevilea, nimekua naokota majani yake ya kuwashia moto, sasa kuja kukutana na ndugu zake huku wakiwa na maua mekundu na ya njano yanayokaa miezi, basi nikanasa.

Sasa kuna grupu moja la Waaustralia wapenda banksia na grevilea, nalisoma muda mrefu bila kuandika chochote. Wamo watu wazima wanaojua kila spishi inatoka kilima gani, mtu anaweka picha ya jani tu anaambiwa hili la kaskazini ya Perth hili la Albany. Elimu ya mle huipati dukani kwangu huku, kitalu wanakuuzia tu wanakwambia jua la kutosha maji kidogo, kwisha.

Ila nimeona kitu kinanipa wasiwasi. Mmarekani akiandika mle anajibiwa kwa ufupi sana, au anaulizwa "uko wapi?" akishajibu kimya. Wengine wanataniwa. Sio matusi, lakini unasikia kuna ukuta. Naomba mniambie ukweli, Waaustralia wanakerwa na Wamarekani kuingia kwenye mambo yao? Niombe kujiunga rasmi na kuandika au niendelee kusoma kimya kimya? Nataka sana kuuliza, maana banksia zangu mbili majani yanageuka njano na sijui nifanyeje.

Nesi_Perth ameandika:

Dada wa Marangu karibu sana, na usikae kimya tafadhali. Mimi nipo Perth, kazi ni hospitali lakini siku ya mapumziko utanikuta bustanini au Kings Park, ile bustani kubwa ya hapa Perth, natembea na kadaftari, na nipo kwenye magrupu kama hilo unalolisema, kwa hiyo nakuambia ninachokiona humu ndani.

Hawawachukii Wamarekani. Kinachowachosha ni kitu kimoja na kinajirudia kila wiki, mtu anaingia anaongea kama dunia nzima iko Marekani. Anaandika "sasa ni majira ya kupanda" wakati huku ndio tunaingia baridi. Anasema mmea huu ni wa zoni 9, ile namba ya Marekani inayopima baridi ya chini kabisa ya mwaka, na kwa mtu wa Perth baridi sio tatizo kabisa, tatizo letu ni kiangazi kikavu na mchanga usio na rutuba. Anataja joto kwa farenihaiti, bei kwa dola bila kusema dola ya nani, halafu duka ambalo huku halipo. Mara moja sio kitu, ila wao wanaliona hilo tangu intaneti ianze, kwa kila hobi, uvuvi, darubini, reli ndogo za kuchezea, kila mahali. Ndio maana unaona swali la kwanza ni "uko wapi", sio kwamba wanakufukuza, ni kwamba bila hilo hawawezi kukushauri na wewe hukulisema.

Na kuna ushauri unaoua mimea, hapa ndipo wanapokasirika kweli. Udongo wa Australia ni mkongwe mno, fosforasi imebaki kidogo sana, sasa banksia na grevilea zimejijengea mizizi maalum yenye vishada vidogo vidogo vya kunyonya hata kile kidogo kilichopo. Ukizipa mbolea yenye fosforasi nyingi hazijui kukataa, zinanyonya tu mpaka majani yanaungua na mti unakufa. Wewe wa Marangu fikiria mtu anaweka DAP, ile mbolea ya kupandia yenye fosforasi nyingi, kwenye banksia. Sasa anakuja mtu kutoka nje, hajaulizwa, anamwambia mama wa watu mgeni kwenye bustani "weka mbolea ya kuchanulisha maua", na ile mbolea ya maua ndiyo iliyojaa fosforasi. Yule mama anaenda anaweka. Wazee wa grupu wakiona hivyo lazima wawe wakali na mimi nawaunga mkono.

Lakini sikia jambo ambalo watu wengi hata humu hawalifikirii. San Diego iko latitudo 32 na kitu kaskazini, Perth iko karibu 32 kusini. Nyie mvua yenu ni ya kipupwe na sisi pia, kiangazi chenu kikavu na chetu kikavu. Brisbane ni Australia lakini mvua yao kubwa inakuja wakati wa joto, hewa imejaa unyevu, banksia nyingi za huku magharibi zikipelekwa kule zinaoza mizizi, mpaka wanazipandikiza juu ya shina la Banksia integrifolia ya mashariki ndio zinavumilia. Kwa hiyo wewe Mmarekani wa San Diego, kwa habari ya banksia za magharibi, una cha kumwambia mtu wa Perth kuliko alichonacho mtu wa Brisbane mwenye pasipoti ya Australia. Hilo ukiliingiza kwa adabu watakusikiliza, nakuhakikishia.

Mvita_Melbourne ameandika:

Nakubaliana na dada wa Perth kwa mengi ila naona amewapaka watu mafuta kidogo, ngoja niseme upande wa pili kwa sababu nao una haki yake.

Tatizo lingine ni wingi, na wingi hauponyeki kwa adabu. Australia yote haifiki watu milioni 30, Marekani wamepita milioni 330. Mkifungua mlango sawa kwa sawa, hata kila Mmarekani akiwa mpole na mstaarabu, baada ya muda mfupi maswali mengi yatakuwa ya California na Florida na Texas, picha nyingi zitakuwa za huko, na kile kijana wa Ballarat alichokuja kukitafuta, nini kinaota kwenye udongo wa nyumbani kwake, kitakuwa kimezikwa chini. Nimeliona hilo kwenye grupu moja la bustani nililokuwemo, halikuharibiwa na mtu mbaya hata mmoja, watu walikuwa wazuri tu, lakini Waaustralia wakapungua kuandika kidogo kidogo mpaka ikawa ni Wamarekani wanajibizana wao kwa wao kuhusu kindi wa kwao na sheria za maji za kwao. Waliohama walianzisha grupu jipya na safari hii wakaweka sharti la kutaja mji.

Na hawa wapenda mimea ya asili wana historia yao, sio grupu la juzi. Vyama vyao vilianza 1957, wakati ambao bustani ya mzungu wa Australia ilikuwa waridi na mti wa Ulaya, na mmea wa kwao ulionekana kichaka cha kufyeka tu. Walianza wachache wakibadilishana mbegu kwa posta, wakaunda vikundi vya kusoma jenasi moja moja, kikundi cha banksia, kikundi cha grevilea, wanaandikiana majarida miaka na miaka. Kwa hiyo mtu wa namna hiyo akiona sehemu yake inageuzwa, roho inamuuma, na mimi kama mtu wa Mvita namuelewa kabisa, nimeona kwetu Mombasa mji wa kale unavyogeuzwa na kila anayekuja.

Halafu kuna makadamia. Usiingie mle ukasema makadamia ni karanga ya Hawaii. Mti ni wa misitu ya Queensland na kaskazini ya New South Wales, watu wa asili wa kule walikuwa wanazila tangu enzi na enzi, mbegu zikapelekwa Hawaii miaka ya 1880 na huko ndiko zikafanywa biashara kubwa, dunia nzima ikazijua kwa jina la Hawaii. Wao wenyewe walichelewa kupanda kibiashara, ni kweli, lakini bado kinawauma. Mtu akilisema lile mle ndani hata kwa bahati mbaya anapoteza watu ishirini papo hapo.

Sisemi usijiunge dada. Nasema ukiona baridi usidhani ni wewe, na usijibu kila swali hata kama jibu unalo. Waache wenyeji wajibu kwanza.

ShambaEmbu ameandika:

Hapo kwa makadamia mmenigusa, lazima niongee. Mimi niko Embu, nina miti ya makadamia na migrevilea kwa mpaka wa shamba kama kila mtu huku, mbao, kuni, kivuli cha kahawa, huo mti umetulea. Makadamia ililetwa Kenya miaka ya 1940 na leo sisi ni kati ya wakubwa duniani kwa kuuza, kwa hivyo mimi pia ni mgeni aliyeingia kwa mti wa wenyewe.

Niliingia grupu ya wakulima wa Australia ya makadamia kwa sababu kunguni wa njugu walikuwa wananimaliza, njugu zinaanguka kabla ya wakati. Nilisema mimi ni mkulima mdogo wa Embu, Kenya, mita karibu elfu moja mia tano juu ya bahari, mvua zetu ni mbili kwa mwaka, nikaweka picha ya njugu iliyopasuliwa. Walinijibu vizuri ajabu. Mzee mmoja aliniandikia maneno marefu jinsi ya kupunguza matawi ndani ili mwanga na upepo uingie, na akaniuliza maswali mengi ya Kenya, tunauza aje, kwa nini serikali ilikataza kuuza njugu na ganda lake nje mwaka 2009, bei ya broka ni ngapi. Sasa nikajiuliza kwa nini mimi nimepokelewa hivi na Mmarekani aliyeandika siku hiyo hiyo amepita bila jibu. Nikarudi nikasoma posti yake. Alikuwa ameandika "makadamia yangu haizai, nifanye nini?" na hiyo ndio yote. Hakuna mahali, hakuna umri wa mti, hakuna picha. Mimi pia singemjibu.

Lakini pia nisidanganye, nafikiri kuna kitu kingine. Mkenya hawamuogopi. Hawajawahi kuona Wakenya wakiingia elfu kumi mahali wakageuza mazungumzo yote. Kwa hivyo kaka wa Melbourne hajakosea, na si haki kwa Mmarekani mmoja mmoja mpole kubebeshwa wingi wa wenzake, lakini ndivyo iko. Wewe dada sema wewe ni wa Kilimanjaro, useme kahawa na mgrevilea, si uongo ni maisha yako na watapenda sana.

Bahati_Toowoomba ameandika:

Salamu kwenu wote kutoka Toowoomba, Queensland. Mimi ni wa Bukavu, tunakaa huku mji wa maua, na nafanya kazi kwa kitalu kwa hiyo hayo mambo ya mimea kupita mipaka tunayaishi kila siku.

Kitu ambacho Wamarekani wengi hawakielewi ni hofu ya watu wa huku juu ya mdudu na mbegu ya kigeni. Mmarekani anaandika kwa moyo mweupe kabisa "nina mbegu nyingi, nitumie anwani yako nikuletee", anadhani ametoa zawadi, na watu wote wanashtuka. Huku mbegu ya posta isiyo kwenye orodha ya serikali inakamatwa na kuharibiwa, na Western Australia wana ukaguzi wao tena hata kwa kitu kinachotoka Queensland. Mwaka 2015 Johnny Depp, yule mwigizaji wa Marekani, aliingiza mbwa wake wawili bila karatasi, waziri wa kilimo Barnaby Joyce akasema hadharani mbwa warudi Marekani la sivyo watauawa, na mbwa walirudi. Dunia ilicheka, huku wengi walisema waziri yuko sahihi.

Na wana sababu. Hapa kwetu, mwendo wa gari kuelekea magharibi, kuna sehemu inaitwa Boonarga ina jumba la mkutano lililojengwa kumshukuru mdudu. Ule mpungate wa Amerika uliletwa ukatoroka, ukafunika zaidi ya hekta milioni 20 za Queensland na New South Wales, watu waliacha mashamba yao wakaenda. Ni nondo aliyeletwa kutoka Argentina, wakaanza kumwachia 1926, ndiye aliyekula mpungate ndani ya miaka michache ardhi ikarudi kwa watu. Lantana nayo ni ya Amerika, hiyo hata Bukavu ipo, na huku mpaka leo hawajaishinda. Mwaka 2010 ikaingia kutu ya mimea jamii ya mikaratusi, unga wa njano kwenye majani machanga, asili yake Amerika ya Kusini, na kuna miti ya msituni inakufa mbele ya macho yetu.

Lakini mambo yanaenda pande zote mbili na hili dada unaweza kulitumia. Kule Florida mti wa Australia, melaleuca ya magome kama karatasi, uliingia kwenye mabwawa ya Everglades ukawa msiba kwao. Wamarekani walikuja mpaka Brisbane, wana maabara huku, wakatafuta pamoja na wenyeji mdudu anayekula majani yake, wakamwachia Florida 1997, na amesaidia. Watu wa mimea huku wanaijua hiyo kazi na wanaiheshimu.

Na mtu asikuambie Waaustralia hawawapendi Wamarekani. Januari 2020, ule moto mkubwa, ndege ya kuzima moto ilianguka kule milimani kusini mwa New South Wales, wakafa Wamarekani watatu waliokuja kusaidia. Mimi niliona watu wazima wanalia kazini siku ile. Watu wa California wamekuja kuzima moto huku na watu wa huku wameenda California. Ule ndio undugu wenyewe. Kelele za mtandaoni ni kitu kingine.

MamaMarangu_SD ameandika:

Jamani mmenifundisha, asanteni sana, nimesoma kila mmoja mara mbili. Kaka wa Mvita hilo la wingi sikuwahi kuliangalia hivyo na naona lina uzito, nitalichukua. Ila nina maswali mawili kabla sijaandika. La kwanza, hiyo posti ya kwanza ikaeje, nijieleze sana au kidogo, maana huku Marekani ukiingia mahali unajitambulisha kwa nguvu, unasema unayapenda yote na umefurahi sana. La pili, mkaratusi. Huku California watu wanagombana, wengine wanataka ikatwe yote kwa sababu ya moto, kila mtu anakumbuka ule moto wa vilima vya Oakland 1991 uliua watu 25, wengine wanailinda. Mle ndani mada hiyo ikija nisemeje?

Nesi_Perth ameandika:

Mkaratusi usiuanzishe wewe. Ukiulizwa sema kinachoendelea kwenu kama shahidi, kwamba ile iliyopandwa California nyingi ni globulus ya Tasmania na Victoria, imepandwa kwa safu zilizobanana na haikutunzwa, magome yanarundikana. Hapo hakuna atakayekugombeza kwa sababu huo ni ukweli na wao ndio wa kwanza kujua mkaratusi unawaka. Kinachowaudhi ni mtu kusema "mti wenu umetuharibia nchi", kana kwamba mti ulipanda meli wenyewe. Ulipelekwa California wakati watu wanakimbilia dhahabu, miaka ya 1850, na Wacalifornia wenyewe ndio waliuhangaikia.

Kujitambulisha, punguza dada. Hawa watu mtu anayejisifu au anayemwaga sifa nyingi wanamuangalia pembeni, wanamngojea waone. Na wakianza kukutania usinune, mtu anayetaniwa huku ameshaanza kupokelewa, wasiyemtaka wanamnyamazia au wanakuwa na heshima ya baridi ile ya ofisini. Mjibu utani kwa utani mfupi.

Posti yenyewe anza na mji, San Diego, sio "Marekani". Useme mvua yenu ni miezi gani, useme maji ya bomba mengi yanatoka mto Colorado na yana chumvi nyingi na chokaa, hilo muhimu mno, kwa sababu njano ya banksia inaweza kuwa ni fosforasi lakini inaweza kuwa maji yenye chokaa yanazuia mti kupata chuma, na dalili zinatofautiana, kama majani mapya ndiyo yanakuwa njano na mishipa inabaki kijani, mara nyingi ni chuma. Piga picha jani jipya na jani la zamani upande kwa upande, mchana, bila flashi. Taja spishi kama unaijua, ikiwa hujui weka picha ya ua na ya koni, lile tunda gumu lenye mbegu. Taja umeweka mbolea gani na matandazo gani, hata kama ni samadi, maana samadi ya kuku ina fosforasi kuliko watu wanavyodhani.

Halafu jambo la mwisho, huko kwenu Fallbrook na Escondido kuna wakulima wanalima banksia na protea za kuuza maua. Pita kwa mmoja uulize wanazipandikiza kwenye shina gani na maji yale ya chumvi wanayafanyaje. Watu wa huku hawana hiyo habari, na watakuuliza wao. Mimi wa kwanza, kwa hiyo ukishaandika nitumie linki.